Bango lisilo na picha ya mwisho

Saa mbili na nusu asubuhi, benchi la nje ya kliniki ya presha limejaa. Wenye haraka wametazama saa mpaka wamechoka, wasio na haraka wameanza kusimuliana habari za majirani. Mwanamume mrefu, mwembamba, mwenye rangi ya bluu kwenye kucha, anasimama mbele yao na kunyanyua kipande cha boksi alichobandikia mchoro wa penseli.

"Shikamooni wakubwa zangu. Naomba macho yenu kidogo. Mnaona nini hapa?"

Kisha anafunga mdomo. Hii ndiyo sehemu ngumu ya kazi yake, na amewahi kukiri kwamba siku za mwanzo alikuwa anauma ulimi ili asijibu mwenyewe.

"Namwona bibi kasimama mlangoni," anasema mama mmoja mwenye miwani. "Kashika glasi ya maji na kidonge. Pembeni yake kuna mjukuu, mdogo."

"Halafu?"

"Hapa mjukuu kakua kidogo. Bibi yupo palepale na kidonge chake. Hapa tena mjukuu anakaribia kumfikia bibi begani. Bibi bado anameza."

"Halafu?"

Mama anainama kutazama mchoro wa mwisho. Ni mlango uleule, mtupu, hauna mtu.

"Halafu…" anasita.

"Halafu bibi amekufa!" anadakia mzee mmoja kutoka mwisho wa benchi, na benchi zima linaangua kicheko. Hata mlinzi wa getini, ambaye kwa kawaida hacheki na mtu kabla ya saa nne, anageuza uso pembeni.

Mchoraji naye anacheka mpaka machozi yanamtoka. Anawashukuru, anakunja boksi lake kwapani na kurudi ndani akitikisa kichwa. Kwa mlango ule mtupu alimaanisha kwamba maisha yanaendelea. Umri wake wote wa kuchora, anasema, hajawahi kumuua mtu haraka namna ile.

Jina lake halisi liko kwenye kitambulisho tu. Mtaani na kazini wanamwita Brashi, hata wagonjwa wanaomwona kwa mara ya kwanza. Ndiye anayechora na kuchagua mabango, vipeperushi na kadi za picha zinazotumika kufundishia afya katika kituo hiki na vingine vya jirani. Kabla ya hapo alikuwa mwandishi wa vibao vya maduka. Mikasi ya vinyozi, vichwa vya ng'ombe vya mabucha, mwanamke mwenye nywele zilizosukwa akitabasamu juu ya mlango wa saluni: sehemu kubwa ya tabasamu hizo mjini hapa zimetoka mkononi mwake.

"Nilizoea kuchora watu wenye furaha," anasema. "Ukimchorea kinyozi mteja aliyenuna, hakulipi. Kwa hiyo kila mtu wangu alikuwa meno nje. Hapo ndipo balaa langu lilipoanzia, lakini huko tutafika."

Aliingia kituoni kuandika maneno "Chumba cha Sindano" juu ya mlango. Muuguzi anayesimamia elimu ya afya, ambaye wote wanamwita Sista, alimwona anapita kila bango ukutani akikunja uso. Akamuuliza ana shida gani. Brashi akajibu kwamba mabango yale yanaongea peke yao kama mtu aliyesahaulika sebuleni. Sista akamwambia kama anaweza kuyafanya yaongee na watu, aje Jumatatu. Akaja, na tangu siku hiyo hajaondoka, ingawa mwishoni mwa wiki bado anaandika vibao ili ada za shule zisimshinde.

Chumba chao cha kazi kilikuwa stoo ya magodoro. Kuna meza moja, kabati lisilofunga vizuri, na kamba iliyofungwa ukuta hadi ukuta ambapo michoro inaning'inizwa kwa vibanio vya nguo. Maboksi ya mabango yanayoletwa kutoka sehemu mbalimbali yanafunguliwa hapo, na hapo ndipo wawili hao wanapobishana.

"Hii ni barua," Brashi anasema, akinyanyua bango lililojaa maandishi madogo kutoka juu hadi chini.

"Barua nzuri lakini," Sista anajibu. "Kila kitu kilichoandikwa ni kweli."

"Kweli yote, Sista. Nani ataisoma huku mtoto analia mgongoni?"

Mara nyingine Sista ndiye anayeshinda. Brashi alitaka kulitupa bango moja la kunawa mikono kwa sababu limechorwa vibaya, vidole kama karoti. Sista akaling'ang'ania, akalitundika juu ya bomba la maji, na wiki haikuisha watoto walikuwa wanasimama mbele yake wakiiga vile vidole na kusugua viganja kama vilivyochorwa. Lipo pale hadi leo, na Brashi akipita anatazama upande mwingine.

Kwa wanachokichora wenyewe, utaratibu wao hauna miujiza. Sista anasema jambo moja ambalo anataka mtu aondoke nalo. Likizidi moja, wanagawa. Brashi anachora kwa penseli, bila rangi, kwa sababu mtu akiona rangi anaona haya kukosoa kazi ya watu. Kisha anatoka na boksi lake kwenda benchini, kwa kinyozi, kwenye foleni ya maji, popote watu walipokaa bila shughuli, na kuuliza wanaona nini. Haulizi kama wamependa. "Watu wana adabu," anaeleza. "Ukiwauliza kama wamependa, watakuambia wamependa. Utarudi nyumbani umevimba kichwa na hujajua kitu."

Swali lile la pili, "Halafu?", lilikuja baadaye. Lilimgharimu, na aliyemfundisha ni mama mkwe wake.

Mama mkwe alihamia kwao mwaka jana, baada ya vipimo kuonyesha presha iko juu. Mke wa Brashi, fundi cherehani mwenye maneno machache, alimwandalia chumba kilicho karibu na jiko. Dawa zikawekwa kwenye kikombe kando ya birika, kidonge kimoja kila asubuhi. Mama ni mwanamke mnene, mcheshi, asiyemumunya maneno. Akiona chumvi imezidi atasema, akiona fulana ya mkwe wake ina tundu atasema, na ikibidi atalishona yeye mwenyewe. Mjukuu wake wa pekee anampenda kupita kiasi.

Brashi naye anampenda, tena anamwogopa kidogo, kama inavyompasa mkwe. "Mama yako mzazi unaweza kumwambia, mama, umemeza dawa? Mama mkwe je? Utamsimamia mama mkwe na glasi ya maji, umwambie fungua mdomo nione?" anauliza, na kwa kulifikiria tu hilo anajishika kichwa. "Nikasema basi, bango litaniongelea."

Miezi ile ile Sista alikuwa anataka bango la presha. Brashi akaliweka moyoni kweli kweli. Alichora picha nne. Ya kwanza, mwanamke ameshika kichwa, uso umekunjamana. Ya pili, muuguzi anampima mkononi. Ya tatu, mwanamke anameza kidonge. Ya nne, na hii ndiyo aliyoichora kwa mapenzi yake yote, mwanamke huyohuyo amenyanyua mikono juu, jua linachomoza nyuma yake, meno yote nje. Furaha tupu.

Alilipeleka benchini. Watu walitaja kila picha bila kukosea. Huyu anaumwa, huyu anapimwa, huyu anameza dawa, huyu yuko vizuri. Sista aliridhika. Bango likachapishwa, likatundikwa kliniki, na nakala moja ikaenda nyumbani, ikabandikwa jikoni juu ya birika. Mama mkwe alilisifia. Alisema mwanamke wa mwisho anafanana naye enzi zake.

Baada ya hapo kila kitu kilikwenda vizuri nyumbani, au ndivyo Brashi alivyodhani. Mama alikuwa anaimba akifua. Kikombe cha vidonge kilikuwa palepale, na hakuna aliyechungulia ndani yake, maana ni nani angemchungulia mama?

Asubuhi moja, akianika nguo, mama alishika kamba ya nguo kwa mikono miwili na kusema dunia inageuka. Mke wa Brashi akaacha cherehani inazunguka, akatafuta usafiri, akamfikisha kliniki. Brashi alikuwa juu ya ngazi, anapigilia misumari, alipomwona mama mkwe wake anaingia akiwa ameegemea bega la binti yake. Anasema aliogopa hata kushuka.

Sista alimpima mama. Akampima tena.

"Mama, vidonge unameza?"

"Niliacha."

"Uliacha? Nani alikuambia uache?"

Mama mkwe akanyoosha mkono ukutani, kwenye jua linalochomoza na mwanamke mwenye meno yote nje.

"Si lile pale. Alikuwa anaumwa kichwa, akapimwa, akameza, akawa mzima. Hata mkononi hana kidonge, si unaona? Nilipojisikia vizuri nikajua mimi nimeshafika picha ya mwisho."

Hakusema kwa lawama. Alisema kama mtu aliyefuata maelekezo vizuri na sasa anashangaa anaulizwa nini. Brashi, juu ya ngazi, nyundo mkononi, alihisi uso unamshuka mpaka miguuni.

Mama alitibiwa na kulazwa mpaka jioni, na alirudi nyumbani akilalamikia mito ya hospitali, ishara kwamba ameanza kupata nafuu. Lakini Sista hakuishia hapo. Alitoka nje, akawauliza waliokuwa kwenye benchi, kwa upole na bila kumgombeza mtu, nani aliwahi kuacha dawa baada ya kujisikia vizuri. Mikono ikaanza kunyanyuka, mmoja mmoja, halafu kwa pamoja. Wengi hawakulitaja bango. Wawili watatu walilitaja, na mmoja alilisifia.

"Nililipitisha mimi pia," anasema Sista, "na mimi nimesomea. Presha haisemi. Mtu anajisikia mzima kwa sababu dawa inafanya kazi, akiacha inarudi kimyakimya. Jambo hilo nalijua kuliko jina langu, na bado niliitazama ile furaha ya mwisho nikaona ni nzuri."

Brashi aliyabandua mabango yote kwa mikono yake, ya kliniki na ya vituo vya jirani. Lile la jikoni alilibandua mbele ya mama mkwe wake na kumwomba msamaha. Mama akamtazama, akashusha pumzi.

"Sasa unalia nini, baba? Umekosea picha, chora nyingine. Mimi nipo, nitakuambia."

Na kweli alimwambia. Kuanzia hapo hakuna mchoro wa presha uliofika benchini bila kupita jikoni kwanza. Brashi alichora mwanamke ameanguka sakafuni, ili watu waogope. Mama mkwe akasema bango hilo likitundikwa yeye hatakaa upande ule wa kliniki, na benchini ikatokea hivyo hivyo: watu walisogea, wakabanana upande wa pili kama waliomkwepa mbwa. Akachora picha zikiwa kwenye duara, asubuhi, kidonge, jioni, asubuhi tena, na mishale inayozunguka.

"Huyu anazungushwa bila kupumzika," mama akasema. "Alikosea nini?"

Akachora moyo peke yake. Mama akamuuliza kama mwenye moyo huo anajua umetolewa.

Muda huo wote mama alikuwa anameza vidonge vyake, lakini kwa kumridhisha binti yake tu, na wote nyumbani walilijua hilo. Alisema anajisikia mzima, na kula dawa ukiwa mzima ni kama kushika mwavuli ndani ya nyumba. Brashi alijua kwamba siku binti akisafiri, mwavuli utafungwa. Hofu hiyo hakuisema kwa mtu. Aliiingiza kwenye penseli.

Jibu alilikuta mlangoni kwake. Kila baada ya muda mama mkwe humsimamisha mjukuu kwenye fremu ya mlango wa jikoni, akamwekea kitabu kichwani na kuchora alama ya mkaa kuonyesha kimo chake. Siku hiyo Brashi alisimama na kikombe cha chai akiwatazama. Alama zilikuwa zimepanda kama ngazi. Mlango uleule, bibi yuleyule, mtoto tu ndiye anayekwenda juu.

"Mama," akauliza, "utampima mpaka lini?"

"Mpaka anipite," mama akajibu. "Halafu nitapima wake."

Ndipo ulipozaliwa mchoro wa leo, wa bibi mlangoni na kidonge mkononi, na mjukuu anayekua. Hakuna aliyeshika kichwa wala anayerusha mikono juu. Bibi anatabasamu kidogo tangu picha ya kwanza, kwa sababu tangu picha ya kwanza yuko mzima, na anameza hivyo hivyo. Kilichobaki kilikuwa namna ya kumalizia. Brashi alimalizia kwa mlango mtupu, na mzee wa mwisho wa benchi akamzika bibi.

Sasa yuko stoo, amekaa kwenye kigoda, mkasi mkononi. Sista anaingia, anatazama mlango mtupu, naye anacheka.

"Uamuzi gani?"

"Nakata."

Anaukata mlango mtupu. Kisha pembeni kabisa, pale karatasi inapoishia, anachora nusu ya picha: mkono wa bibi wenye glasi ya maji unaingia, bega lake linaonekana, uso umekatwa na ukingo. Nyuma yake, nusu ya msichana mkubwa aliyemzidi bibi kimo, na mgongoni kwa msichana, mguu mdogo wa mtoto mchanga unaning'inia. Hapo karatasi inakatika.

"Watasema mashine imekosea," anasema Sista.

"Tutawauliza."

Saa tano, mama mkwe anafika kwa siku yake ya kupimwa, amevaa gauni la zambarau na mkoba unaolingana nalo. Brashi anamwamkia, anapokea marahaba yake, kisha anajificha nyuma ya kabati lisilofunga vizuri, maana anayeuliza leo lazima awe Sista. Mtu mzima kujikunja nyuma ya kabati kwa kumwogopa mama mkwe ni jambo la kuvunja mbavu, na wahudumu wawili wanapita pale mara tatu bila sababu.

Sista anamkaribisha stoo na kumpa mchoro. "Mama, unaona nini?"

"Naona mlango wangu," anasema mama mara moja. "Huyu kauchora mlango wangu bila ruhusa."

"Halafu?"

Mama anapitisha kidole taratibu, picha kwa picha. Bibi, kidonge, mjukuu. Bibi, kidonge, mjukuu. Anafika ukingoni, kidole kinasimama juu ya ule mguu mdogo. Nyuma ya kabati mtu hapumui.

"Hiki ni kitukuu," anasema hatimaye, sauti imeshuka.

"Halafu, mama?"

"Halafu nini tena? Si inaendelea." Anaugeuza mchoro nyuma, kutazama kama kuna kitu, anaurudisha. "Karatasi ndiyo imekwisha. Bibi bado."

Kabati linagongwa kwa nyuma na kichwa cha mtu aliyenyanyuka ghafla. Mama hageuki.

"Toka huko, mkwe wangu, utaumia," anasema. "Na hicho kidonge umekichora kidogo sana. Changu kikubwa kuliko hicho."

Walipoupeleka mchoro benchini mchana huo, mama mwenye miwani alikuwa ameshaondoka, lakini mzee wa mwisho wa benchi alikuwepo bado. Alitazama, akakuna kidevu, akasema bibi amefufuka na hana mpango wa kuondoka tena. Wengine walitaka kujua picha inayofuata iko wapi. Brashi aliwarudishia swali lile lile: wao wanaonaje? Mmoja akasema harusi, mwingine akasema bibi anapima mtoto wa mjukuu mlangoni, na kila mmoja, bila kuulizwa, aliacha kidonge mkononi mwa bibi.

Bango litachapishwa mwezi ujao. Brashi ana mpango mkubwa zaidi. Ukuta wa nje wa kituo, unaoanzia getini na kuzunguka mpaka nyuma ya maabara, umepakwa chokaa upya, na ameshaomba ruhusa ya kuuchora kwa rangi zake za vibao. Kila mwaka atachora mlango mmoja, na ndani ya mlango huo mgonjwa wa kweli wa kliniki ya presha ambaye ameendelea na dawa. Anapenda kuamini kwamba ukuta utaisha kabla ya watu.

Alitaka mlango wa kwanza uwe wa mama mkwe wake. Alimweleza asubuhi moja, jikoni, kwa heshima zote, na kumwambia hata lile gauni la zambarau ameshalichanganyia rangi.

Mama alikuwa amesimama kando ya birika. Mkewe Brashi amesafiri kwa siku chache kupeleka nguo za wateja, na hakuna aliyemkumbusha mtu kitu. Alitoa kidonge kwenye kikombe, akakimeza, akanywa maji mpaka mwisho wa glasi.

"Anza na wengine, baba," akasema. "Mimi nichore nikizeeka."